Udongo wa Chini ya Misonobari

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mwaka wa 1970, Mburu alichuchumaa kando ya kijito akaosha miti. Ilikuwa miche mia nne ya misonobari, kila mmoja mrefu kama mkono wa mtoto. Aliichomoa mmoja mmoja kutoka katika masanduku ya kitalu, akaitumbukiza majini, akasugua mizizi kwa vidole viwili mpaka ikawa myeupe, kisha akailaza juu ya gunia safi, vichwa upande huu, mizizi upande ule, kama vijiko ndani ya droo. Alikuwa amevaa eproni. Kijito kiliuchukua udongo mweusi wa kitalu kikaenda nao.

Watu waliokuwa wakipita juu kwenda sokoni Ainabkoi walisimama kumtazama. Mmoja alitaka kujua kama ataikaanga kwa siagi au kwa samli. Mburu hakuinua uso. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepika katika nyumba kubwa ya mzungu aliyemiliki shamba lile zima, yule ambaye vibarua walimwita Bwana Saa kwa sababu hakuondoa macho kwenye saa yake ya mfukoni. Katika jiko lile karoti haikuingia sufuriani na udongo, wala kiazi, wala jani la kitunguu. Sasa Bwana Saa alikuwa ameuza na kurudi kwao, na kampuni ya wanunuzi mia moja na arobaini ilikuwa imegawana shamba lake kwa vikaratasi vilivyochotwa kutoka ndani ya kofia. Mburu alichota namba themanini na saba. Hii ilikuwa miti yake, ya kwanza kuwa yake maishani, na hakuona kwa nini aipande ikiwa michafu.

Warigia, mkewe, alishuka akiwa na jembe begani. Alisimama juu ya jiwe akamtazama kwa muda. Yeye hakuwahi kuingia jikoni mwa mzungu. Alikuwa ameng'oa magugu kwenye ngano yake tangu utotoni.

"Baba Mwihaki," akasema, "ile ya mwaka jana pia uliiosha."

"Mwaka jana niliosha haraka haraka," Mburu akajibu. "Ndiyo maana ilikufa."

Namba themanini na saba ilikuwa mteremko. Juu kulikuwa na ekari moja tambarare, hapo ndipo walipojenga nyumba na kupanda mahindi na viazi vya kula. Kutoka hapo ardhi ilianguka hadi kijitoni, ekari tatu nzima. Bwana Saa alikuwa amelima ngano mteremkoni tangu kabla ya vita vya Hitler, mwaka baada ya mwaka, trekta likipita palepale, mpaka udongo ukawa mwekundu na mgumu kama sakafu ya posta. Mvua iliponyesha haikuingia. Iliteleza ikaenda na kidogo kilichobaki. Bwana misitu wa wilaya alikuja, akapiga chini kwa kisigino mara mbili, akasema mahali hapo pasipandwe kitu isipokuwa miti. Kampuni ikaandika sheria: mwenye mteremko apande miti, na kama haitakuwa imesimama kufikia mwisho wa mwaka wa tatu, namba yake itarudi ipewe mwingine.

Mburu hakuichukia sheria hiyo. Nyuma ya nyumba kubwa palikuwa na misonobari mizee, mistari miwili mirefu iliyozuia upepo, na kila alasiri kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameisikia ikivuma kupitia dirisha la jikoni wakati maji ya chai yakichemka. Alidhani mtu mwenye miti kama ile hawezi kuamriwa tena na yeyote kuleta chai.

Kwa hiyo aliitunza miche yake kwa namna aliyoijua. Kila Jumamosi alishuka na ufagio wa matawi akafagia kati ya mistari. Nyasi aling'oa, mabua akachoma, mawe akayapanga pembeni kwa ukubwa. Kufikia mwezi wa sita hakukuwa na jani hata moja lililolala mteremkoni. Jua lilipowaka, ardhi ile tupu ilimeta kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Majirani walimwita Mpishi, naye kwa muda mrefu alidhani ni heshima.

Mwezi wa saba miche ikageuka manjano, kuanzia ncha za sindano. Mwezi wa tisa Warigia aliushika mmoja akauvuta kidogo tu. Ulitoka kama msumari uliopigiliwa kwenye ndizi.

*

Barua ya kampuni ililetwa na Johnstone, karani, kijana aliyevaa tai hata siku za matope. Mburu alinyoosha mkono aipokee. Johnstone akaifungua mwenyewe, akaisoma kwa sauti pale mlangoni, polepole, kama anayemsomea mtoto, na jirani aliyekuwa akikamua ng'ombe ng'ambo ya ua akaacha kukamua ili asikie vizuri. Mburu, ambaye alikuwa amesoma vitabu vya mapishi vya memsaab, mke wa Bwana Saa, kwa Kiingereza tangu karani huyo hajazaliwa, alisimama na mkono wake ukiwa bado umenyooka.

Barua ilisema miaka miwili imepita. Ilisema mvua za mwaka ujao ndizo za mwisho. Wakaguzi watakuja mwezi wa kumi, na wakikuta mteremko mtupu, namba themanini na saba itapewa mwanachama Githinji, ambaye anasubiri.

Githinji hakusubiri kwa mbali. Jumapili iliyofuata alifika mwenyewe, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Turbo, mtu mnene na mpole aliyevaa viatu vya kung'aa. Alisalimu vizuri, akaomba maji ya kunywa, akayasifu. Kisha akamuuliza Warigia upepo wa hapa hutoka upande gani, na kama jua la jioni huingia mlangoni. Warigia alimjibu. Alipokuwa akienda, Githinji alipiga hatua kubwa kubwa kutoka mlango wa nyumba hadi ukingo wa mteremko, midomo ikisogea, akihesabu. Ndipo Warigia alipotambua kwamba mgeni alikuwa akichagua mahali pa kuweka mlango wake.

Usiku huo Mburu hakula. Asubuhi Warigia alichukua miche mitatu iliyokufa, akaifunga ndani ya leso, akamwambia mumewe anakwenda kumwona Perez.

Perez Adongo alikuwa mke wa Joash Oketch, nyapara wa kitalu cha miti kilichokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Walikuwa watu wa kutoka ziwani, na Perez hakuwa ameizoea baridi ya huku hata baada ya miaka minane. Alivaa sweta mbili, na kila Warigia alipomtembelea, Perez alimuuliza watu wa milimani walipataje ujasiri wa kuvua nguo mpaka wakazaa watoto. Siku hiyo alianza mzaha huo, akaona uso wa mwenzake, akaukatiza. Alimwita mumewe kutoka vitaluni.

Joash aliuchukua mche mmoja kutoka kwenye leso. Aliugeuza. Akaleta mizizi karibu na macho, kisha akaipitisha kati ya vidole vyake.

"Huu mti umeogeshwa," akasema.

Warigia akaifunga tena ile leso.

"Nani aliuosha?"

"Ni mimi," Warigia akasema.

Perez aliitazama mikono ya Warigia iliyopasuka kwa jembe, yenye udongo katika kila mstari, mikono ambayo haikuwahi kuosha kitu kwa ufundi wa namna ile. Akaelewa. Akageuka akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Joash hakuona lolote. Aliinuka, akaenda, akarudi na mche hai ukiwa na bonge lake la udongo. Alilivunja polepole. Ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zimeshikana na mizizi kama utandu wa buibui.

"Unaona hii, Mama Mwihaki? Hii si mizizi. Hii ni ndugu ya uyoga, inakaa chini na kuulisha mti. Paini, hii misonobari yenu, bila hii ni mtoto bila titi. Pahali palipo na udongo mzuri labda itajitafutia. Lakini ile yenu imekwisha, ngano imeila yote. Hapo hakuna kitu cha kupokea mgeni."

"Na nyinyi mliitoa wapi?"

"Kwa paini wazee. Tunachota udongo wa chini yao, ule mweusi, tunachanganya hapa. Haitengenezwi, hii. Ni lazima mtu akupe." Akafuta mikono. "Miche nitakupatia mara moja tena. Lakini mlima wote ule, hiyo bonge kidogo ya sanduku haitatosha. Tafuta debe hamsini za udongo wa chini ya paini. Kisha uache kufagia. Nyasi ikikatwa ilale hapohapo, ioze."

Njia yote ya kurudi, Warigia hakufikiria Githinji wala mwezi wa kumi. Alifikiria misonobari ya nyuma ya nyumba kubwa jinsi ilivyokuwa alipokuwa na miaka saba. Mama yake alimtuma huko na kiondo akusanye sindano kavu za kulalia. Chini ya miti ile nyayo zilizama, udongo ulikuwa laini na baridi hata kiangazi, na ulinuka kitu ambacho hakukinusa tena popote, kitu kati ya moshi na mvua. Baada ya mvua za kwanza uyoga ulitoka, wa rangi ya kahawia, unaoteleza juu kama uliopakwa mafuta. Mama yake aliuchemsha kwa chumvi ya magadi. Walikula wakiwa wameketi juu ya zile sindano, watoto sita, na ilikuwa marufuku kucheka kwa nguvu kwa sababu ilikuwa miti ya Bwana Saa na uyoga wa Bwana Saa, ingawa Bwana Saa mwenyewe hakuwahi kuugusa na aliamini una sumu. Baba yake ndiye aliyeipanda miti ile, yeye na vibarua wengine kumi. Alikuwa akisema udongo wake uliletwa na mkokoteni wa maksai kutoka mbali, na watoto hawakumwamini. Walimwuliza nani anaweza kusafirisha udongo.

*

Nyumba kubwa ilikuwa imechukuliwa na mwenyekiti wa kampuni, Ndungu, pamoja na ekari zilizoizunguka. Warigia alipofika huko aliisikia misumeno kabla ya kuiona. Mstari wa kwanza wa misonobari ulikuwa umekwisha kulala chini. Wapasuaji walikuwa juu ya shimo wakivuta msumeno, huyu juu, yule chini, na mbao mpya zilikuwa zimepangwa mpaka mlango wa jikoni ambako zamani Mburu alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo.

Ndungu alimpokea vizuri. Alimwita Mama, akaagiza aletewe kiti. Lakini aliposikia anachotaka, alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Kuni nitakupa," akasema. "Mabanzi nitakupa, ujenge zizi la ng'ombe. Udongo, hapana."

Warigia akamweleza tena, nyuzi nyeupe, mti na titi. Ndungu alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala kizuizini miaka minne, enzi za mapambano ya kudai ardhi, akatoka, akatembea nyumba kwa nyumba akiwashawishi watu kuchanga ili wanunue shamba. Lakini watu wa wakati ule walikuwa wamekula kiapo juu ya udongo, na hakuna aliyesahau ladha yake. Mtu akija kwako akaomba chumvi, unampa. Akiomba moto, unampa. Akiomba udongo wa shamba lako auchukue mkononi aende nao kwake, basi unajiuliza ataufanyia nini huko, na kesho atadai nini.

"Mimi nikikupa udongo," Ndungu akasema, "watu watasema nimekupa shamba. Au watasema umenichukua mimi mwenyewe ndani ya debe. Mama, mambo ya udongo hayaombwi na mwanamke jikoni. Mwambie Mburu aje mkutanoni Jumapili. Asimame mbele ya watu aseme anautaka wa nini."

"Na ukimaliza kukata ile mistari?"

"Nitapanda mahindi."

Warigia alitoka kwa njia ya nyuma. Mahali mti mmoja ulipoangukia, udongo ulikuwa umepasuliwa, mweusi, na ndani yake nyuzi nyeupe zilikuwa zikikauka juani.

*

Mkutano ulifanyika katika ghala la zamani la ngano baada ya kanisa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake juu ya magunia karibu na ukuta. Githinji alikuwa benchi la mbele. Joash Oketch alikuja kwa baiskeli, maana Warigia alikuwa amemtumia ujumbe aje awaeleze watu kazi ya udongo, wasije wakadhani ni uchawi.

Joash alieleza vizuri, kama mtu wa serikali. Alionyesha mche hai na mche mfu. Watu walisogea waone. Mzee mmoja akauliza swali la maana ambalo Joash alitarajia: kama miche ilitoka kitaluni ikiwa hai, nani aliiua?

"Ni bahati mbaya tu," Joash akasema. "Huyu mama hakujua. Aliosha mizizi."

Kicheko kikaanzia benchi la mbele.

"Mwanamke anaosha miti," Githinji akasema kwa upole wake, bila kugeuka. "Na mwanamume anafanya nini? Anaianika?"

Ghala likalipuka. Hata wanawake juu ya magunia walicheka, wakizibana midomo kwa leso. Mmoja wao alimuuliza Warigia kama pia huwa anampiga pasi ng'ombe wake. Warigia alitazama mikono yake iliyokuwa mapajani. Alikuwa ameshabeba maneno hayo tangu siku ya kitaluni, na alikuwa tayari kwenda nayo nyumbani na kuyabeba miaka yote iliyobaki, kama alivyobeba maji na kuni. Bora shamba libaki.

Mburu alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Mpaka wakati huo hakujua mkewe alisema hivyo. Warigia alikuwa amemwambia tu kwamba miti imekosa udongo. Habari ya kuosha alikuwa ameiruka. Sasa ilimfikia mbele ya watu mia moja, na iliposhuka ndani yake aliona kwamba mlango uko karibu. Angeweza kunyamaza. Mwanamke kukosea ni jambo la kawaida, lingechekwa likasahauliwa, na yeye angebaki mwenye shamba aliyeangushwa na mke wake.

Alivua kofia akasimama.

"Si yeye," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Alisema tena, kwa ile sauti aliyokuwa akitangazia chakula katika chumba cha wageni, na wengi walioijua sauti hiyo waligeuka.

"Si yeye. Ni mimi niliiosha. Mwaka wa kwanza niliosha, na ilipokufa, mwaka wa pili nikaosha zaidi. Aliniambia, nikakataa. Na nyasi, mimi ndiye nilifagia. Nilikuwa nataka shamba langu likae kama jiko." Aliigeuza kofia mkononi. "Sikujua kitu kinaweza kuwa safi mpaka kife."

Sasa hawakucheka. Mwanamke aliyeosha miti alikuwa mzaha. Mwanamume mzima kulisema hilo kwa kinywa chake, kofia mkononi, kuliwafanya wengi watazame chini. Ni Ndungu aliyeanza kucheka, mwenyekiti mwenyewe. Alijaribu kujizuia, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka.

"Na ulipomaliza kuosha, bwana Mpishi," akauliza, "ulitia chumvi?"

"Hapana, Mwenyekiti," Mburu akasema. "Chumvi ilikuwa inafungiwa na memsaab."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Wazee walipiga magoti yao kwa viganja, maana hakuna aliyekuwa amefanya kazi katika nyumba kubwa au shambani pale asiyeujua ule ufunguo wa kabati la chumvi na sukari, ukining'inia kiunoni mwa memsaab. Kwa dakika nzima watu walikumbushana: yule aliyelamba sukari akatiwa pilipili, yule aliyeiba jibini akadhani ni sabuni. Wote walikuwa wameteseka na wote walikuwa na hamu, si ya Bwana Saa, bali ya wao wenyewe walivyokuwa wakati ule, vijana, wenye meno yote. Na mtu anayechekwa namna hiyo hawezi kuogopwa. Ndungu alifuta macho.

"Sikieni basi," akasema. "Mburu anachukua udongo. Hachukui shamba. Mmeshuhudia. Debe hamsini. Lakini atabeba mchana, kwa barabara, kwa kichwa chake mwenyewe, kila mtu aone ni nini kinatoka kwangu."

Githinji aliinua mkono akataka kusema neno kuhusu sheria. Hakuna aliyemgeukia.

*

Wanaume wa huku hawakubeba mizigo kichwani. Hiyo ilikuwa sehemu ya hukumu, na kila mtu aliielewa. Jumatatu asubuhi Mburu aliichukua eproni yake nyeupe, akaikunja mara nne, akaizungusha ikawa kata, akaiweka kichwani. Juu yake akapandisha debe la udongo mweusi. Kutoka nyumba kubwa hadi mteremkoni ilikuwa maili moja na nusu, na siku ya kwanza watoto wa shule walimfuata wakiimba. Siku ya tatu walichoka. Siku ya nne alipogeuka nyuma alimwona Warigia akija na kiondo kimejaa, kamba kwenye paji la uso, ameinama kama alivyoinama mama yake.

"Mwenyekiti alisema mimi peke yangu," Mburu akamwambia.

"Alisema kichwa chako. Mimi nabeba kwa mgongo."

Walitembea. Baada ya mwendo kidogo, bila kumtazama, Mburu alimuuliza kwa nini alimwambia Joash kwamba ni yeye. Warigia akasema kijito kilikuwa kimefurika siku hiyo na alikuwa na haraka ya kurudi, hakutaka maneno mengi. Mburu alijua kwamba mwezi ule kijito kilikuwa kikavu. Alisogeza debe, akaendelea.

Mvua za mwezi wa nne zilipokaribia, Joash alikuja na masanduku, na Perez nyuma yake na sweta zake mbili. Walivunja ile sakafu ya udongo mgumu kwa sururu, shimo baada ya shimo, mpaka chini ya mahali trekta lilipokuwa limegandamiza. Kila shimo lilipata viganja viwili vya udongo mweusi, kisha mche na bonge lake zima. Mburu aliishika miche kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mchuzi uliojaa. Majani makavu, mabua ya mahindi, nyasi zilizokatwa, vyote vilitandazwa kati ya mistari. Kwa macho yake ilikuwa takataka. Jumamosi ya kwanza vidole vilimwasha, akatafuta ufagio nyumba nzima. Warigia alikuwa ameshautia motoni.

Mwezi wa kumi wakaguzi walifika, Johnstone na tai yake mbele. Hawakuwa na mengi ya kuona. Miti yenyewe haikuwafika magotini, katikati ya nyasi zilizooza. Lakini ilikuwa ya kijani, kijani cha bluu, na Johnstone alipojaribu kuuvuta mmoja kwa vidole viwili, haukutoka. Akashika kwa mkono mzima. Akaandika namba themanini na saba, na mbele yake akaandika jina la Mburu.

Misonobari ya nyumba kubwa ilikatwa yote kabla ya mwaka wa 1973. Mahindi ya Ndungu yalistawi misimu miwili, kisha yakawa kama mahindi ya wengine. Warigia alipopita pale alipita upesi. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Upepo ulikuja moja kwa moja kutoka Burnt Forest ukapiga mabati. Chini ya jua lile hukuweza kujua ni wapi watoto sita walikuwa wameketi.

Mwaka wa 1974, siku ya pili baada ya mvua kubwa, alishuka mteremkoni kukata nyasi. Miti ilikuwa imempita kimo. Aliingia kati ya mistari, na mguu wake ukazama. Alisimama. Kile kitu kati ya moshi na mvua kilimfikia puani kabla hajakijua jina lake. Akapiga magoti, akafunua sindano kavu, na pale palikuwa na uyoga saba, wa kahawia, unaoteleza juu kama uliopakwa mafuta. Alikaa chini hapohapo, mzima mzima, panga kando. Mburu alipokuja kumtafuta alimkuta akicheka kwa nguvu, peke yake, mashavu yamelowa.

Ulikuwa wakati huohuo wa mvua Ndungu alipokuja. Alikuwa amenunua mteremko mwingine upande wa chini, umechoka kwa ngano kama ule wa Mburu, na miche aliyoipanda huko ilikuwa ya manjano. Alikuja bila gari, na debe tupu mkononi. Alizungumza habari za bei ya maziwa. Akazungumza habari za barabara. Mwishowe akatazama chini ya miti.

"Udongo si wako, Mwenyekiti?" Mburu akasema. "Ni wako. Ulitoka kwako."

Alichimba mwenyewe, polepole, kando ya mizizi asiikate. Debe lilipojaa aliingia nyumbani. Ndungu alibaki amesimama, akingoja neno ambalo alijua anastahili. Alikuwa ameshatayarisha uso wa kulipokea. Mburu alirudi na eproni. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa udongo, na hakuna aliyewahi kuiosha. Aliikunja mara nne, akaizungusha.

"Ni nzito," akasema. "Weka hii kichwani."

Ndungu akainamisha kichwa. Mburu akamtwika debe, akalishika mpaka likatulia, kisha mwenyekiti akapanda kuelekea barabarani, mchana, mkono mmoja juu, akitembea wima kama bibi harusi. Nyuma yake Warigia alikuwa ameshapiga magoti. Alikusanya sindano kavu kwa viganja, akalifunika shimo.